Orodha ya Jumamosi

Ilianza Jumanne, saa nne na robo asubuhi, wiki ya tatu ya mafuriko. Shule yetu hapa Garsen ilikuwa imefungwa, madarasa yamejaa magunia ya mahindi ya msaada. Kwa kuwa najua kuchapa, nilipewa kazi ya kuingiza kwenye kompyuta majina ya waliofukuzwa na maji.

Bosi wa kompyuta alinieleza mapema kwamba orodha za chakula ni mbili. Ya kwanza si orodha hasa, ni swali. Ukiifungua, kompyuta inakwenda kwenye daftari kuu, pale ninapoingiza majina, na kuyakusanya upya, hata ya dakika ile, ila inachukua nusu saa. Ya pili ni jibu lililokwisha kuhifadhiwa. Inafunguka papo hapo, lakini inabaki vilevile mpaka uiambie ijikusanye tena. Tuliitumia hiyo, maana dizeli ya jenereta ilikuwa haba. Kuikusanya upya kila jioni ilikuwa kazi yangu.

Jumapili hatukufanya kazi. Jumatatu jioni bosi akasema, "Zima jenereta, twende," nami nikaona haya kumwambia angoje.

Basi Jumanne akaja mama mmoja wa Kilelengwani, mtoto mgongoni ana homa, anahema. Nilikuwa nimemwandika jana yake kwa mkono wangu. Karani wa foleni akaangalia kwenye skrini.

"Jina lako halimo, mama."

"Limo. Muulize binti huyu, ndiye aliyeniandika."

"Songa, mama!" mtu akapaza sauti huko nyuma. "Ama umekuja kuolewa na kompyuta?" Foleni ikacheka.

Karani akanigeukia. "Wewe, ulimwandika?"

Nilijua daftari kuu linalo jina lake. Nilijua tunasoma orodha ya Jumamosi. Lakini kuuliza upya ni nusu saa, na foleni nzima ingenikodolea macho mimi.

"Sikumbuki," nikasema.

Mama yule hakunitukana. Alikaza leso iliyombeba mtoto, akaondoka na debe tupu.

Kesho yake asubuhi nilichukua unga wa nyumbani nikaenda kwenye mahema. Hema lake lilikuwa wazi, halina kitu.

"Ameondoka na mtumbwi wa alfajiri, mwanangu," jirani yake akaniambia. "Amesema kama huku hajulikani, afadhali arudi kwake."

Kwake ni maji matupu. Nilirudi ofisini, nikasimama mbele ya karani na bosi, nikawaambia nilimwandika, na jana nilipoulizwa nilikumbuka.