Posho Niliyoipigia Vigelegele

Jamani, leo nimejinyang'anya mume kwa mdomo wangu mwenyewe.

Ndoa ina wiki ya tano, na bado nikisikia pikipiki nje nakimbilia dirishani. (Mume wangu ni tabibu hapa Chato. Mliokosa harusi poleni, alipendeza huyo!)

Asubuhi kanionyesha hati yake ya mshahara. Mshahara wa msingi ni uleule, ila chini kuna posho ya kuitwa kazini. Nikapiga vigelegele!

"Mpenzi, mwezi ujao iongezeke tununue kabati!"

Akacheka kidogo, akaondoka.

Mchana nikampelekea habari jirani yangu Mama Kulwa, muuguzi mstaafu.

"Shikamoo mama. Mume wangu kaongezewa!"

"Marahaba, bibi harusi. Hajaongezewa kitu. Mshahara wa msingi anaupata hata asipoitwa. Hiyo posho ni ya zile zamu alizoitwa, wewe ukabaki na kuta. Hebu zihesabu."

Nikahesabu. Tisa.

Zote nazikumbuka. Ni zile siku nilizokula peke yangu, sahani yake nimeifunikia kawa mpaka ugali ukawa jiwe.

Nikamwandikia haraka: "Kabati sitaki tena. Usiombe zamu."

Akajibu: "Nimeshaomba ya Jumapili, mke wangu. Asubuhi ulifurahi mno, nikashindwa kukunyima."

Jumapili ndiyo siku pekee tuliyokuwa tumebakiwa nayo.

Nguo zangu bado zimo kwenye begi la harusi, na leo naona zinatosha humohumo.

Nani atakuwa Chato Jumapili? Nitapika samaki. Njoo tule wote, tafadhali.