Siku ya Kitabu cha Hamud

Mwaka 1934 baba yangu, Hamud bin Azzan, alitaka jambo moja tu: kuingia Chama cha Wapima. Miaka tisa alikuwa akisoma nguzo ya futi iliyosimikwa majini pale bandarini, akiandika maji yamejaa saa ngapi na yamefika wapi, na ramani zilizotokana na namba zake zikitiwa sahihi na wengine. Mwanachama angetia ya kwake. Basi akawapelekea utafiti wake, kitabu cha mwaka mzima, mchana na usiku, hata Idi hakuruka. Mama yangu, Nunu, alisema afadhali angeletewa mke mwenza kuliko ile nguzo, maana mke mwenza angalau wangegombana.

Kitabu kikarudi. Elisaria, karani wa ofisi ya ramani, Mchaga mpole, ndiye aliyekileta kwetu Kariakoo siku ya Jumatatu, hana raha.

"Mzee Hamud, mkaguzi anasema maji yako ya baada ya magharibi yanawahi kwa dakika hamsini, kila siku. Bahari haiendi hivyo. Anasema ulikuwa umelala, namba umezibuni. Jumamosi ukajieleze, la sivyo jina lako linafutwa kwa waombaji."

"Nimelala? Mimi?" Baba aliwaka mpaka majirani wakachungulia.

Mama akaona aibu kwa mgeni. "Usijali, mwanangu. Usiku wa Ijumaa tuna khitma ya marehemu mkwe wangu. Njoo ule pilau."

Elisaria akaja Ijumaa jua limeshakuchwa, shati limepigwa pasi, na sufuria zetu zilikuwa zimeoshwa tangu jana.

"Tulikungoja jana mpaka pilau likapoa!" Mama alimwambia.

"Jana si ilikuwa Alhamisi, mama?"

"Alhamisi jua likichwa, Ijumaa imeingia. Kwani nyie siku yenu inaanza lini?"

"Ofisini? Saa sita ya usiku."

Baba aliweka kikombe chini, akakosa sinia, kahawa ikamwagika mkekani. "Nunu! Kitabu changu!"

Mwaka mzima maji ya kila usiku, tangu magharibi hadi saa sita, alikuwa ameyaandika chini ya siku inayoingia, kama alivyohesabu baba yake. Na bahari huchelewa kama dakika hamsini kila siku; yarudishe maji hayo siku moja nyuma, na kila kitu kinakaa sawa. Walijaribu ukurasa mmoja, wakajaribu kumi. Baba alikuwa anacheka na kulia pamoja, akimpiga Elisaria mgongoni, na mimi nilipiga vigelegele mpaka sauti ikakauka. Furaha ile sijaiona tena.

Jumamosi mkaguzi alipima kurasa tano, akapima nyingine. "Sawa. Kiandike upya chote kwa tarehe zetu, tutakupokea."

Elisaria alituambia baadaye kwamba Baba alijibu, "Siandiki upya. Maji ni yale yale na tarehe si kosa. Nitaongeza mstari mmoja mbele."

Mkaguzi alibaki na kitabu. Wiki tatu Baba hakula vizuri, na Mama hakumtania hata mara moja. Hapo ndipo nilipojua naye anaogopa.

Kisha jioni moja ya Alhamisi, adhana ya magharibi imekwisha, mlango ukabishwa. Elisaria ameshika kitabu kilichopigwa chapa. Akasoma ukurasa wa kwanza kwa sauti: "Siku ya kitabu hiki huanza jua linapokuchwa. Hamud bin Azzan, Mwanachama."

Mama alijifuta macho kwa kanga. "Na wewe umekuja leo?"

"Si usiku wa Ijumaa, mama? Pilau langu liko wapi?"