Bingwa wa Kupuliza

Bibi Mwaija wa Mnyuzi alikuwa na njia moja tu ya kumpima mwanamke: namna anavyopuliza moto. Ukipuliza majivu yakakurukia usoni, kwake huna malezi. Ukipuliza taratibu, kwa pumzi ndefu, hata kuni mbichi ikakubali kuwaka, hapo utatandikiwa mkeka ukae. Na usimcheke, maana alikuwa mpishi wa shughuli. Pilau za watu mia tatu zimepita mikononi mwake tangu usichana, na malalamiko sijayasikia.

Kwa hiyo ilipotangazwa kwamba wataalamu wanakuja zahanati kupima mapafu ya watoto, na kwamba kipimo chenyewe ni kupuliza kwenye mashine, bibi alifurahi kupita kiasi. Mjukuu wake Husna, miaka tisa, alikuwa akiwasha moto wa nyumba ile kila asubuhi tangu ana miaka mitano. Bibi akawatambia majirani kwamba hiyo mashine itapasuka.

Husna hakuzaliwa pale. Mama yake, Mwanaisha, alikuwa amepanga chumba kimoja Handeni mjini, jiko la mkaa humohumo, na mtoto akawa anakohoa. Bibi ndiye aliyepanda basi kwenda kumchukua mtoto akiwa na miaka miwili. "Mtoto anataka hewa ya shamba," alimwambia bintiye, na nani atabishana na hewa ya shamba? Akamleta Mnyuzi, akamlaza jikoni penye joto, akaziba dirisha kwa viroba ili baridi isimwingie kifuani. Kikohozi kikaendelea. Akaongeza kiroba kingine.

Siku ya kipimo, muuguzi Loyce alimbana Husna pua, akamtia mrija mdomoni. "Vuta pumzi yote, halafu itoe yote kwa nguvu."

Husna akapuliza kama alivyofundishwa, kwa adabu, polepole. Mashine ikakataa.

"Kwa nguvu, mwanangu, kama unazima mishumaa kumi."

"Kuzima?" bibi akadakia kutoka kwenye benchi. "Huyu mimi sikumfundisha kuzima."

Mtoto akajaribu tena na tena, mpaka mashine ikaridhika. Loyce akatazama kioo cha mashine, akaandika, akatazama tena. Kisha akasema kwa upole kwamba mapafu ya Husna ni madogo kuliko umri wake, ni kama ya mtoto wa miaka sita.

"Mashine yenu mbovu," bibi alisema. "Au imezoea watoto wa Ulaya."

Kesho yake Loyce akaja nyumbani. Bibi, pamoja na hasira zake zote, alikuwa mtu wa watu: akapokea shikamoo yake, akamkaribisha jikoni, akamkaangia mgeni mayai mawili. Muuguzi alivumilia humo dakika tatu, akatoka machozi yanamtiririka.

"Moshi wa kawaida tu huo," bibi alimfariji, akimfuata na sahani. "Unafukuza mbu."

"Na Husna leo amekula nini, bibi?"

"Ugali na tembele. Jana vilevile. Mayai ni ya wageni, au ninyi kwenu mnakula ovyo ovyo?"

Loyce akaisogeza sahani kwa mtoto. Akaeleza, bila kupandisha sauti, kwamba mapafu yanajengwa kama mwili mwingine wote, kwa yai, kwa dagaa, kwa maharage, na kwamba moshi wa kila siku unayazuia yasikue. Yaliyopotea huenda yasirudi yote, alisema, lakini yaliyobaki yanalindwa. Husna alikuwa ameshamaliza yai la kwanza.

Bibi alimsindikiza mgeni mpaka barabarani kwa heshima zote, akarudi akitukana mashine, wataalamu na Ulaya nzima. Alichukia kweli. Na kilichomchukiza zaidi ni kwamba huku mdomo ukitukana, mikono yake ilikuwa inang'oa viroba dirishani, na kila kilichotoka kilikuwa cheusi kama mgongo wa sufuria.

Jioni aliwasha moto nje, mwenyewe, akamwamuru Husna akae mbali, upande usio na moshi. Akamuuliza kana kwamba anauliza habari za shule:

"Wewe ukikimbia na wenzako, kifua kinakubana?"

"Ndiyo, bibi."

"Tangu lini?"

Husna akafikiri. "Siku zote."

"Sasa mbona hujawahi kuniambia?"

Mtoto akamshangaa. Hakuwa amejua kwamba hilo ni jambo la kusema.

"Kwani bibi, wenzangu wao wakicheka hawachoki?"

Maji ya ugali yakachemka, yakamwagikia kuni. Bibi Mwaija hakuyaangalia.

"Hawachoki, mjukuu wangu," alisema.