Mivule ya Kilima cha Namusasi

Kilima cha Namusasi si kirefu. Mtu mwenye magoti mazima hukimaliza kabla chai haijapoa. Akifika juu, hukuta nguzo ya saruji ya wapima ardhi, na nguzo hiyo huwaambia wote kwamba hapa ndipo mahali pa juu kabisa katika kaunti nzima.

Damaris alizaliwa ubavuni mwa kilima hicho. Sasa ana miaka thelathini na tisa, ni mlinzi kwenye lango la jengo la maduka mjini Doha, na analala mtaa wa Al Mansoura katika chumba kimoja na Gakii, Mmeru mwenye maneno mengi.

"Kwetu hicho tungekiita kichuguu," Gakii alisema siku alipoonyeshwa picha ya kilima. "Mbuzi wetu angekiruka."

"Mbuzi wenu akishakiruka anakimbilia wapi?" Damaris alimuuliza.

Picha ile ilikuwa ya zamani. Tangu baba yake Damaris afariki, wachoma makaa wamekipanda kilima kwa mashoka. Ukanda wa ardhi aliouacha baba kule juu, uliokuwa mweusi kwa mivule, umebaki visiki, na chemchemi ya chini inatoa maji kwa kusuasua. Damaris aliazimia kuurudishia miti kwa mkono wake mwenyewe.

Kwao, hata hivyo, mwanamke haruhusiwi kuotesha mti shambani. Atakayeutia mti ardhini ndiye mwenye ardhi. Wazee hawalisemi hilo waziwazi. Husema tu kwamba mumewe atakufa.

Ijumaa moja ya Oktoba, baada ya ibada kanisani Mesaimeer, alisimama kwenye kivuli cha ukuta akampigia kaka yake, Cornelius.

"Niachie mimi, Dama," Cornelius alisema. "Nitatia mikaratusi. Inakua haraka, tutauza nguzo. Wewe njoo Krismasi tule kuku."

"Mikaratusi itaimaliza chemchemi. Nataka mivule, na nitaitia mimi."

"Unajua wanavyosema. Mume hufa."

"Eugene wangu yuko kaburini mwaka wa sita huu, na mkono wangu haujagusa mche hata mmoja. Nitamuua nani sasa?"

Cornelius akasema polepole, "Haya. Lakini Krismasi ni kiangazi. Ukitia miche Desemba, umetia kuni."

Hapo alisema kweli. Likizo ya Damaris ilikuwa Desemba, na mvua ya miche huja Aprili. Likizo nyingine ingefika baada ya miaka miwili, na miaka miwili ilimtosha Cornelius kujaza mikaratusi mpaka kwenye ile nguzo ya saruji.

Mwenye likizo ya Aprili alikuwa Gakii. Alipoombwa wabadilishane, aliweka chini pasi aliyokuwa anapigia sare.

"Watu hapa wanagombana kwa sababu ya Desemba, na wewe unaigawa? Kwa ajili ya kichuguu?"

"Kwa ajili ya kichuguu."

"Basi usije ukalia nikikutumia picha za nyama choma."

Trevor, Mganda aliyesimamia zamu, aliuliza mara mbili kabla ya kushika kalamu. "Nikitia sahihi sibadilishi tena, dada."

"Tia."

Damaris alipotoka ofisini ndipo alipomfikiria mama. Hakuwa amemwona kwa miaka miwili, na mama alikuwa anahesabu wiki za kufikia Krismasi. Alikaa kwenye ngazi akapiga simu, akasema yote bila kupumzika, asije akajuta katikati.

Mama ni mwanamke wa miaka sabini ambaye maishani mwake hajawahi kutia mti ardhini.

"Aprili ni mbali, mwanangu."

"Ni mbali, mama."

"Nilikuwa nimekuwekea jogoo."

"Mpe Cornelius. Atanyamaza akiwa anatafuna."

Mama alicheka kidogo, kisha sauti yake ikashuka, kama anayetazama mlango. "Mbegu za mvule ule mmoja uliobaki ninazo chunguni. Niliziokota, nikazianika, sikujua za nini. Nikizisia wiki hii nyuma ya jiko, Aprili miche itafika gotini. Kusia kwenye mifuko hakuna aliyetukataza."

"Na Cornelius akiuliza?"

"Nilimzaa mimi, aniulize mimi. Unataka miche mingapi?"

"Mia moja, mama."

"Basi acha nikatafute mifuko," mama akasema, na simu ikakatika.