Furu wa Karatasi

Mwaka ule nilirudi Kirumba na shahada yangu ndani ya bahasha ya kaki, nikakuta serikali imesimamisha ajira na viwanda vinapunguza watu. Nilikuwa naamka, nakaa mlangoni, nawaza mpaka chai inaota ngozi. Mchora mabango wa mtaani kwetu aliponialika kwenye maonyesho ya kikundi chao cha wachoraji, niliitika kabla hajamaliza kueleza.

"Kila mtu atengeneze kitu cha kuchezea cha karatasi, alichokibuni mwenyewe," alisema, akinipa karatasi moja ya manila. "Jumamosi, ukumbi wa kanisa. Asiyeleta, nafasi yake mezani nampa mwingine. Na wewe msomi, usije ukaniletea maelezo."

Hapakuwa na mtu mwingine popote aliyekuwa ananisubiri.

Nilichagua furu, wale samaki wadogo tuliowavua maweni utotoni, kabla sangara hajawamaliza. Ukimbonyeza jike taya, alitema watoto wadogo kama punje za mtama, maana huwalea mdomoni. Nilitaka wangu awe hivyo: uvute uzi, mdomo ufunguke, watoto watoke.

Mdomo niliukata siku ya kwanza. Rangi ndiyo iliyonishinda. Mchora mabango alikumbuka njano, jirani akaapa ni bluu.

"Mama, furu alikuwa na rangi gani?"

"Alikuwa mtamu."

Mchana nilisinzia nikamwona. Maji yalikuwa yamejaa chumbani hadi kwenye mabati, naye akipita taratibu juu ya kitanda, ana rangi zote kwa pamoja. Nilipozinduka na kushika brashi, zote zilikuwa zimeondoka naye. Siku tatu zikapita hivyo.

Ijumaa nilimbandika na kumpaka uji wa muhogo mwili mzima, akiwa bado mweupe, nikamwanika juu ya jiwe, pembeni mwa dagaa wa mama. Nikaingia ndani kuwaza rangi. Nilipotoka, wingu lilikuwa limefunika ziwa na jiwe lilikuwa tupu. Mama alikuwa anafunga gunia.

"Mama, samaki wangu!"

"Yupi, kati ya hawa wote?"

Akaliburuta gunia ndani, akalimimina lote sakafuni, tukapiga magoti kutafuta huku mvua ikianza kugonga bati. Tulimpata chini kabisa, mkia umepinda. Magamba ya dagaa yalikuwa yamenasa kwenye ule uji, toka kichwani hadi mkiani, yanang'aa. Nikaanza kuyakwangua. Mama akanishika mkono.

"Acha. Utamchana."

Jumamosi nilimpeleka vile vile, nikiwa na maelezo tayari. Mezani kulikuwa na ndege, gari la ng'ombe, na kuku mwenye shingo ya kuzunguka. Mchora mabango alinusa.

"Msomi, huyu ameoza?"

Kisha akamweka karibu na dirisha, mwanga wa ziwa ukamwangukia, nami nikasahau maelezo yote.

Mama alikuja akitokea sokoni. Alisimama mbele ya meza, mikono nyuma kama yuko ibadani, halafu akavuta uzi. Mdomo ukafunguka, watoto wakatoka, wakaning'inia wakitetemeka kwa upepo. Watu wakacheka. Yeye hakucheka. Kwa ncha ya kidole aliwarudisha ndani, mmoja mmoja, akaufunga mdomo.

"Bado wadogo," alisema.