Tiketi ya Kuingia Kwao

Katika mji wa Hue, ukirusha jiwe sokoni litampata mjukuu wa mfalme, na mjukuu huyo atakuwa anauza vitunguu. Mfalme mmoja tu wa ukoo uliotawala humo alizaa watoto zaidi ya mia, na watoto hao nao hawakukaa bure. Damu ya kifalme ikasambaa mjini kama maji ya mafuriko ya mwezi wa kumi: hakuna nyumba yasiyoingia, na yakishaingia hakuna anayejua la kuyafanyia.

Bi Dieu Khue alijua. Yeye aliyachota, akayaweka mtungini, akayafunika. Jina lake kamili lilikuwa Cong Huyen Ton Nu Dieu Khue, maneno manne ya kwanza yakieleza kizazi chake katika ukoo wa kifalme, na karani aliyemwandikia kitambulisho aliwahi kumsihi achague nusu. Alikataa. Karani akalazimika kubana herufi mpaka zikapanda ukingoni mwa kadi kama sisimizi wanaokimbia mvua.

Aliishi ndani ya kuta za ngome kubwa, uchochoro wa tatu kutoka kwenye handaki la mayungiyungi, katika nyumba ya mabati pamoja na mumewe Phuoc, fundi baiskeli. Mlangoni aliuza banh beo, vile vikeki vya unga wa mchele vinavyopikwa kwa mvuke, kila kimoja katika kibakuli chake kidogo kama kiganja cha mtoto, juu yake chembe za kamba waliosagwa. Mteja mmoja alihitaji vibakuli kumi ili ashibe nusu. Wageni kutoka kusini waliomba wawekewe vyote katika sahani moja kubwa, naye huwajibu kwamba sahani kubwa ni ya kulishia mifugo. Huyasema hayo taratibu. Mwanamke wa Hue akikasirika hapandishi sauti. Huishusha, na hapo ndipo mwenye akili huanza kuomba radhi.

Kwa miaka sitini na moja, kila alipofungua dirisha, aliyaona mapaa ya manjano ya ikulu ya ndani. Na kwa miaka sitini na moja hakuwahi kukanyaga humo.

Sababu ilikuwa marehemu baba yake, bawabu wa shule. Siku serikali ilipoanza kuuza tiketi za kuingia humo, mzee yule alivaa joho lake jeusi na kilemba chake, akasimama mbele ya kidirisha, akauliza bei, akaambiwa, akageuka akarudi nyumbani. Mtu, alisema, hanunui tiketi ya kuingia sebuleni kwao. Baadaye ikatangazwa kwamba sikukuu ya mwaka mpya wakazi wote wataingia bure. Hilo, kwa mzee, lilikuwa tusi lenyewe: mpangaji anakukaribisha bure katika nyumba yako, na inakupasa umshukuru. Alikufa bila kuingia. Hakuacha shamba wala ng'ombe. Aliacha marufuku hiyo, na bintiye akairithi yote.

Shida ilianza na barua. Shangazi yake, Cam Ha, dada wa baba, aliolewa akahamia Ufaransa zamani, katika mji wa Lyon. Miaka thelathini iliyopita aliandika kuuliza: siku hizi ni nani anayewachomea udi bibi zetu mle ndani? Jibu la kweli lilikuwa: hakuna. Dieu Khue aliishika kalamu, akamfikiria yule mama peke yake kwenye baridi ya ugenini, akaandika: Mimi, shangazi, kila tarehe mosi ya mwezi.

Uongo ni kama mtoto, ukishauzaa lazima uulishe. Kila mwezi barua ilienda Lyon. Dieu Khue alieleza madhabahu yenye majoka ya dhahabu, ambayo aliyatoa kwenye picha ya kalenda, na moshi unavyopinda kwenye nguzo nyekundu, ambao aliutoa kichwani. Akamweka na mlinzi mzee anayemfahamu na kumwinamia. Phuoc alikuwa akisoma begani kwake, mikono ina grisi.

"Mzee mlinzi mbona mwezi huu hayupo?"

"Ana kikohozi."

"Mwache apone basi. Mimi nimeshamzoea."

Halafu ikaja barua ambayo mwandiko wake haukuwa wa shangazi. Bi Cam Ha alikuwa na miaka themanini na minane, mapafu yalikuwa yamechoka, mkono haushiki kalamu. Alikuwa anamtuma bintiye, Thuc Doan, mfamasia. Alikuwa na ombi moja tu: Dieu Khue ampeleke Doan mahali pale pale anapochoma udi, na hapo alitaje jina la shangazi yake mbele ya bibi zao, wajue kwamba anakuja. Nisije nikafika, ilisema barua, nikaulizwa mimi ni nani.

Dieu Khue aliisoma mara tatu. Doan akigundua kwamba binamu yake hajui hata mlango, habari itarudi Lyon, na mama yule atakufa akijua kwamba kwa miaka thelathini hakuna aliyewasha hata kijiti kimoja.

Phuoc alimshauri aende siku hiyo hiyo akapaone. Tiketi, alisema, angeinunua yeye kwa jina lake. "Mimi si wa ukoo. Mimi sina sebule mle." Dieu Khue akakataa, majirani wangemwona kwenye foleni. Badala yake aliitoa kalenda ukutani, akakaa nayo siku nne kama mwanafunzi anayesubiri mtihani.

Doan alifika akiwa na viatu vya kupandia milima, kofia pana, na kitabu cha mwongozo kilichojaa vikaratasi vya rangi. Alikuwa amekuja, alisema, kuiona asili yake. Alikuwa ameomba likizo ya siku kumi na mbili kwa kazi hiyo. Dieu Khue alijiandaa kumdharau, lakini mgeni alipofungua kinywa alizungumza lahaja ya Hue ya zamani, ile ambayo Hue yenyewe imekwisha kuisahau, na alimwita "dada" kwa adabu iliyomfanya Phuoc avae shati.

Asubuhi walikwenda. Doan alinunua tiketi mbili, na wakati akinunua, Dieu Khue aliligeukia handaki akayatazama mayungiyungi, ili macho ya baba yake, popote yalipo, yasimkute dirishani. Kisha, akitembea kwa hatua za mwenye nyumba, akamwongoza binamu yake kwenye mlango wa pembeni kabisa. Walipokuwa katikati ya njia yenye kiza, Doan alifungua kitabu chake akasoma kwa sauti ya upole kwamba huu ulikuwa mlango wa tembo na farasi.

"Sisi hatupendi makuu," alisema Dieu Khue.

Ndani palikuwa pakubwa kuliko kalenda. Hilo hakulitegemea. Palikuwa na nyua zilizozaa nyua, na kila kona kibao chenye mshale. Alijizuia asivisome vibao, akavisoma kwa pembe ya jicho. Katika banda moja wageni walikuwa wanakodi mavazi ya kifalme. Mwanamume mmoja kutoka Hanoi, joho la manjano limemfika magotini na viatu vya michezo vikionekana chini yake, alikaa kwenye kiti cha enzi cha kukodi akamuuliza mkewe kama tumbo linaonekana. Mkewe alimjibu kwamba hata wafalme walikuwa nalo. Nyuma yao foleni ya wafalme wengine saba ilikuwa inalalamika jua kali.

Dieu Khue alipita bila kuwatazama. Alitaka kusema neno, lakini alikuwa anahesabu milango.

Hekalu la mababu alilitambua kwa vyungu tisa vikubwa vya shaba vilivyosimama mbele yake. Hivyo vilikuwa mwezi wa sita wa kalenda. Moyo ukamtulia kidogo. Ndani, madhabahu zilijipanga katika kiza, kila mfalme na ya kwake, na mbele ya zote kamba nyekundu. Akachagua moja. Akasema kwamba ndiyo hii.

Doan aliitazama madhabahu, akaitazama kamba. Akauliza, dada huwa unapiga magoti wapi?

Dieu Khue alieleza kwamba kwake yeye huwa wanaifungua, na ili kuthibitisha akaishika kamba akainua mguu. Mlinzi akatokea kwenye nguzo. Hakuwa mzee, hakuwa na kikohozi, wala hakuinama.

"Dada, nyuma ya kamba."

"Mimi," alisema Dieu Khue, sauti ikishuka mpaka ikawa kama unyoya, "ni Cong Huyen Ton Nu Dieu Khue."

"Karibu. Mimi ni Ton That Khiem, wa ukoo huo huo. Anayekata tiketi pale langoni naye ni Ton That, na anayefagia majani ni Ton Nu kama wewe, tena kwa vizazi yeye ni bibi yako. Nyuma ya kamba, dada."

Watu wawili watatu waligeuka. Mlinzi, ambaye hakuwa mtu mbaya, akaona uso wake ulivyobadilika, akatafuta la kumpooza. Akasema hata hivyo asisikitike, maana kwa desturi ya ukoo wanawake hawakuwa wakiingia humu kuabudu. Hata mke wa mfalme hakuingia. Wanawake walikuwa na hekalu lao, kule upande wa nyuma, ambako mababu na bibi walitajwa pamoja. Akaonyesha kwa kidole, kama mtu anayemwelekeza mgeni msalani.

Basi ikawa hivyo. Mwanamke aliyewafundisha desturi wateja, majirani na karani wa serikali alikuwa amejiweka kwa miaka thelathini mahali ambapo desturi ile ile isingemruhusu kusimama hata dakika moja. Hakumtazama Doan. Alitoka, akashuka ngazi, akafuata njia ya kidole kwa sababu hakuwa na njia nyingine aliyoijua.

Walifika kwenye lango zuri lenye vipande vya kauri, maua na ndege wake bado wana rangi. Walipolivuka, hapakuwa na kitu. Palikuwa na nyasi. Mawe ya msingi yalijitokeza hapa na pale kama magoti ya mtu aliyelala, na mpera mmoja ulikuwa umejiotea mahali ambapo huenda palikuwa mlango.

"Liliungua," alisema Doan. "Wakati wa vita. Mama alikuwa na miaka kumi na saba, aliuona moto kutoka nyumbani kwenu."

Dieu Khue alisimama. Alilitazama lango, kisha nyasi.

"Basi alijua."

"Tangu barua ya kwanza. Aliniambia: dada yako atakupeleka kwenye hekalu la wanaume. Mwache akupeleke, usimkatishe. Kisha mlete hapa."

"Na kwa nini aliendelea kuniuliza? Miaka yote hiyo ananiuliza habari za mlinzi."

Doan alivua kofia, akajipepea. "Alisema ndugu wengine wote walimwandikia kuomba dawa. Wewe peke yako ulimwandikia uongo, na ulikuwa mzuri. Mlinzi alipougua alinifanya nitafute jina la dawa ya kikohozi."

Dieu Khue alicheka, au alilia. Kwa mwanamke wa Hue vyote viwili hufanyika nyuma ya kiganja. Kisha akafungua mkoba, akatoa vijiti vitatu vya udi, akapiga magoti kwenye nyasi na suruali yake ya hariri. Kiberiti kilikuwa bado hakijashika pale mlinzi Khiem alipotokea langoni akihema, kusema kwamba ni marufuku kuwasha moto.

Alimkuta amepiga magoti. Akamsikia ameanza: akilitaja jina la shangazi, kisha la mji wa Lyon, kisha jina la ukoo. Khiem alivumilia mpaka hapo, halafu damu ikamshinda.

"Sivyo, dada. Huanzi na anayetambulishwa. Unaanza na babu, unashuka. Nani alikufundisha?"

"Hakuna aliyenifundisha," alisema Dieu Khue. Lilikuwa ungamo lake la kwanza tangu aingie langoni.

Khiem akatazama nyuma, akavua kofia ya kazi, akachuchumaa kando yake. Akamtajia majina moja moja, naye akayarudia, kizazi baada ya kizazi, mpaka wakamfikia Cong Tang Ton Nu Cam Ha, wa Lyon, anayekuja. Udi ulibaki mbichi mkononi. Sheria ni sheria. Mfalme wa Hanoi na malkia wake walifika wakiwa na majoho yao, wakawapiga picha, na malkia akamuuliza Doan kwa adabu onyesho linalofuata ni saa ngapi.

"Tarehe mosi ya mwezi ujao," alijibu Dieu Khue bila kugeuka.

Na tarehe mosi alikwenda. Alisimama kwenye foleni, katikati ya watu, mbele ya jirani yake muuza bata ambaye alifungua kinywa akashindwa kukifunga, akanunua tiketi ya kuingia kwao. Alikaa kwenye nyasi nusu saa. Jioni akaandika barua ya kweli, na ilimtesa kuliko zote. Haikuwa na dhahabu wala moshi. Ilisema: Shangazi, nilikwenda. Kulikuwa na mvua. Nyasi walikuwa wamezikata. Nilikutaja kwa utaratibu, nikianza na babu.

Jibu lilikuja baada ya wiki tatu, kwa mwandiko wa Doan. Shangazi alikuwa amesomewa barua mara mbili. Alishukuru sana. Ila aliomba aulizwe Dieu Khue, kama si usumbufu, mlinzi mzee anaendeleaje; maana barua za zamani, kusema kweli, zilikuwa nzuri zaidi.