Dawa ya Kubumzisha Misuli

Mume wangu hana herufi P, maana lugha ya kwao haina. Tumekaa naye miaka na miaka, mimi mwalimu wa Kiswahili kutoka ng'ambo ya Tana, yeye mfanyabiashara wa mifugo hapa Garissa, na mpaka leo akinipa pole ananipa "bole." Nikimpa yeye pole, badala ya kuitikia "nishapoa" ananijibu "nishaboa," neno ambalo kwa vijana wa siku hizi maana yake ni kwamba ameshamchosha mtu, na kwa kweli hajakosea sana. Nimemsahihisha mpaka nikasalimu amri. Yeye husema P ni herufi ya watu wenye pumzi za kuchezea. Basi daktari alipomwandikia dawa ya kupumzisha misuli, nyumbani kwetu ikawa dawa ya kubumzisha, na jina hilo halijabanduka.

Mgongo wenyewe aliuumiza kwa maringo. Alikuwa soko la mifugo, amemuuza beberu mmoja mnene, na mnunuzi akamwambia, "Mzee, ngoja vijana wampakie." Neno "mzee" lilimchoma. Vijana walikuwepo, tena kazi yao ndiyo hiyo, lakini bwana mkubwa akakunja mikono ya shati, akainama, akamkumbatia yule beberu na kumnyanyua hadi kwenye pikapu ya watu. Beberu alipanda salama. Aliyempandisha ndiye hakuweza kurudi wima. Waliniletea nyumbani mtu amepinda utadhani anatafuta sindano sakafuni, na mimi, Mungu anisamehe, nikaanza kwa kucheka. Nilinyamaza nilipoona jasho linavyomtoka.

Hospitalini tulimkuta daktari binti mdogo, mpole, asiyetaka mchezo. Alimbonyezabonyeza, akasema mfupa ni mzima, ni misuli tu imekaza. Akamwandikia dawa ya maumivu na vidonge vya kupumzisha misuli vya siku chache, kimoja wakati wa kulala, basi. Akaeleza taratibu: vinaleta usingizi na kizunguzungu, kwa hiyo asiendeshe gari, asichanganye na dawa nyingine inayosinziza, hata ile ya mafua, asimgawie mtu, na akiamka asubuhi akae kwanza ukingoni mwa kitanda kabla ya kusimama.

"Na miraa?" nikauliza. Mume wangu alinitolea jicho.

"Miraa aiweke kando kwanza mpaka amalize," daktari akasema.

"Haye, daktari," akajibu mwenyewe, mnyenyekevu kama bwana harusi. Wasiomjua wangedhani amekubali. Mimi najua "haye" yake. Maana yake ni nimekusikia, na kusikia si kutii.

Siku za kwanza mambo yalikwenda vizuri. Alilala akikoroma, na asubuhi akisimama alikuwa na miguu ya ndama wa ngamia aliyezaliwa jana, akishika ukuta huku akinikataza kumtazama. Watu walikuja kumjulia hali, kama ilivyo desturi, na kila aliyekuja alikuja na mgongo wake. Jirani mmoja alikaa, akanywa chai, akasifu maziwa, kisha akaomba vidonge viwili tu vya kujaribia. Mume wangu hajui kunyima. Tayari mkono ulikuwa umeshaingia mfukoni.

"Weka hapo," nikamwambia. "Maziwa tutampa, nyama tutampa, lakini dawa iliyoandikwa jina lako hapewi. Unajua yeye anakunywa nini cha presha?"

Jirani akaondoka na kibuyu cha maziwa, na mimi nikabaki na jina la mchoyo. Sikujali.

Kilichonikosesha raha ni kwamba shule zilikuwa zinafunguliwa. Kitinda mimba wetu, binti, anasoma bweni Wajir, na watoto wote wa nyumba hii wamepelekwa shule na baba yao, kwa pikapu yake, kwa mikono yake. Ndiyo fahari yake. Mimi naendesha pia, lakini kwa ruhusa maalumu: nyumbani hadi shuleni kwangu, na nirudi. Nilimwambia safari hii tumtafutie mtoto nafasi kwenye basi. Akaniambia binti yake si mzigo.

Asubuhi ya safari, baada ya swala, nilimkuta sebuleni amevaa, ana chai mbele yake, na pembeni ya chai kitita cha miraa kimefungwa vizuri kwenye majani ya mgomba. Nikaangalia pakiti ya dawa. Ilikuwa imepungua kuliko nilivyoiacha usiku.

"Umekunywa kingine?"

"Hicho ni cha barabara. Ile barabara itanitikisa, mwalimu. Kinga ni bora kuliko tiba."

"Na hiyo miraa?"

Akaweka viganja vyake viwili hewani kama mizani. "Kidonge kinalegeza, miraa inakaza. Vikikutana huku ndani, mimi niko sawasawa."

Ya Rabi! Nimefundisha watoto wa kila namna, lakini hesabu kama hiyo sijawahi kuisahihisha. Nilitaka kucheka, kicheko kikakataa kutoka. Niliogopa. Niliona pikapu, nikaona barabara ndefu, nikaona mwanangu amekaa katikati yake.

Nilimpigia mfamasia wetu, ambaye anaswali naye msikiti mmoja na nilijua yuko macho, nikaiweka simu kwa sauti. "Mzee," mfamasia akasema, "hiyo si mizani. Miraa huuficha usingizi tu, haiuondoi. Utakuja kuuona tena ukiwa barabarani. Na moyo wako nao utakuwa unakwenda mbio bure. Acha miraa, na leo usiguse usukani."

"Haye," akasema.

Haye ile ile. Akakata simu, akachukua ufunguo, akatoka. Jamani, kuna watu hawasikii la mwadhini wala la mteka maji msikitini, na mmoja wao nimemzalia watoto.

Binti yetu alikuwa amesimama kando ya pikapu, sanduku limeshapakiwa, lakini yeye hakupanda. Alikuwa amesikia kila kitu. Akamtazama baba yake kwa upole kabisa.

"Aabo, ngamia akiumia mgongo, anabebeshwa mzigo?"

"Anabebeshwaje!" Hakufikiri hata kidogo. Mwulize mume wangu habari za ngamia hata akiwa usingizini, atajibu. "Anaachwa malishoni mpaka abone. Anayembebesha hana dini."

"Anaachwa hata kama mwenyewe ngamia anataka kwenda?"

Mbuzi wa jirani wakalia. Baba wa watu akanitazama mimi, kana kwamba nimempangia mtoto maneno, na wallahi sikumpangia. Kisha akaninyooshea ufunguo bila kunitazama usoni. Miraa akaiacha juu ya ukuta wa ua, polepole, kama mtu anayeaga.

Tulipanda, mimi kwenye usukani, binti katikati, mzee dirishani na mto mgongoni. Alinifundisha udereva kuanzia getini. Usilifuate lori. Mbona umeshika usukani kama sufuria? Biga honi, biga honi! Tulikuwa tumeshauacha mji nyuma yetu alipoinua kidole na kusema, "Habo mbele kuna ko..." Sikujua kama ni kona au kondoo, maana kichwa kilishadondokea kwenye kioo. Binti alicheka, nami nikacheka, tukaendelea na safari yetu kwa amani.

Ngamia alitokea kwenye kichaka cha miti ya mathenge. Jike, na ndama wake nyuma, akaingia barabarani bila haraka kama mwenye barabara. Nilikanyaga breki kwa nguvu zangu zote. Pikapu ilikwenda mrama kwenye mchanga, sanduku likagonga nyuma kwa kishindo, binti akapiga yowe, nami nikapiga la kwangu. Tukasimama. Yule ngamia alikuwa karibu kiasi kwamba niliona kope zake. Akatutazama, akapita, ndama akapita.

Mume wangu hakuamka. Mkanda ulimshika, kichwa kikarudi kwenye kioo, mdomo wazi, na mkoromo ukaendelea pale pale ulipokatikia.

Binti alimtazama baba yake, kisha usukani, kisha mimi. "Hooyo, kama ni yeye ndiye..."

"Nyamaza, mwanangu."

Sikuweza kuondoa gari. Nilimwonea hasira mzee yule nikatamani kumpiga kofi, na papo hapo nikamfungia vizuri kola ya shati isimkabe shingo. Nililia kidogo, nikajifuta kwa mtandio, nikatia gia.

Aliamka tumeshafika kwenye geti la shule, Wajir. "Tumefika? Nilifumba macho kidogo tu." Binti ndiye aliyemsimulia, mambo ya breki, ya sanduku, ya ngamia na ndama wake.

"Ngamia?" akauliza.

"Ngamia, aabo. Hapa." Akamwonyesha kwa mkono ilivyokuwa.

"Na mimi sikuamka?"

Huyu ni mtu ambaye ndama akikohoa zizini anaketi kitandani. Akateremka taratibu, mkono kiunoni, akamshushia binti yake mfuko mwepesi kuliko yote, maana mwingine nilimkatalia, akamsindikiza mpaka ndani ya geti. Aliporudi alipita mlango wa dereva bila kuugusa. Akazunguka, akakaa upande wake, akafunga mkanda mwenyewe.

"Bole, mwalimu," akasema.

"Nishaboa," nikamjibu, nikawasha gari.